Nafasi Ambayo Hakuna Aliyeitaka

Jioni watu wa filamu walipokuja kugawa nafasi, ukumbi wa parokia ya Glenaleen ulijaa kuliko misa ya Krismasi. Nuala Tuohy alisimama nyuma kabisa, kwenye meza ya chai, akilinda birika. Hakuja kuigiza. Alikuja kwa sababu mwanawe Cathal alisema atapita baada ya kukamua ng'ombe, na Nuala hakuwa mwanamke wa kumwacha mtoto wake aende penye bunduki bila yeye kuwapo, hata kama bunduki zenyewe ni za filamu, na mtoto mwenyewe ana miaka kumi na tisa na anampita mama yake kichwa kizima.

Filamu ilihusu vita vya kumfukuza Mwingereza, vile vya miaka themanini na mitano nyuma, na hasa siku vijana wa Glenaleen walipolivizia lori la askari darajani. Katika vilima vile vya Ireland mtoto hulijua daraja lile kabla hajaijua Baba Yetu. Anajua nani alilala nyuma ya ukuta gani, nani alifyatua kwanza, na nani aligeuka pembeni akatapika.

Mwongozaji alitoka Dublin. Alikuwa mtu mpole, mwenye skafu nyembamba na viatu visivyoyajua matope. Alidhani nafasi ni zake kugawa.

"Mimi nachukua rashasha," alisema fundi bomba mmoja akinyoosha mkono. "Ni ya babu yangu."

"Babu yako siku ile alikuwa na mafua," sauti ikajibu kutoka nyuma. "Alishinda jikoni, miguu ndani ya beseni."

"Na wako je? Si alikuwa chini ya kitanda cha mama yake?"

"Angalau sisi tulikuwa na kitanda!"

Watu wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Mzee Batt Curtin akagonga fimbo sakafuni. Baba yake Batt ndiye aliyekuwa kapteni siku ya daraja. Picha yake ilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao, katikati ya Papa na timu iliyowahi kuleta kombe.

"Tusiaibishane mbele ya wageni," Batt alisema. "Kila nyumba imchukue mtu wake. Damu iende kwa damu. Hapo hakuna wa kulalamika."

Basi nafasi zikagawanywa kama mashamba ya urithi. Fundi bomba akapata rashasha yake. Mwalimu wa shule akapata mguu uliovunjika, kwa kuwa ndugu wa bibi yake ndiye aliyeuvunja. Eoin, mjukuu wa Batt, rafiki wa Cathal tangu darasa la kwanza, akapewa ukapteni. Mwongozaji akawa anacheka na kutikisa kichwa.

"Mmenifanyia kazi yangu yote. Imebaki nafasi moja tu. Yule kijana msaliti. Yule wanayempeleka mlimani wanampiga risasi. Nani anamtaka?"

 Mtu akakohoa, mwingine akaanza kutafuta kitu chini ya kiti chake. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, Cathal akaingia, nywele zimelowa mvua, harufu ya maziwa bado mikononi.

"Wewe!" mwongozaji akaita. "Sogea kwenye mwanga. Geuka. Jamani, tazameni uso huu! Huyu ndiye."

Cathal akatabasamu, hajui anatabasamia nini. "Mimi ndiye nani?"

Nuala aliwatazama watu mmoja mmoja. Fundi bomba alitazama sakafu. Mwalimu alitazama dirisha. Batt alikuwa anaichunguza ncha ya fimbo yake kana kwamba ndiyo kwanza aione. Wote walijua. Hakuna hata mmoja ambaye hakujua. Nuala akavuta pumzi, akafungua mdomo aseme, na kilichotoka kikawa, "Nani bado hajapata chai?"

Alichokijua Nuala alikipata kwa sentensi chache. Yeye alizaliwa ng'ambo ya mlima. Aliacha shule mapema, akaenda kufua mashuka kwenye hoteli moja mjini, na huko ndiko Mossie Tuohy alikomkuta. Wiki yake ya kwanza katika nyumba ya Mossie alitaka kufunga komeo la mlango wa nyuma kabla ya kulala. Shangazi yake Mossie, Hannah, aliyekuwa akiishi nao, akainuka kitini.

"Mlango huo haufungwi."

Kesho yake, wakiwa zizini, Mossie alimweleza bila kumtazama. "Shangazi alikuwa na kaka, Jer. Wenzake walikuja kumchukua kwa mlango ule, wakasema amewauza kwa Waingereza. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Sasa umejua, usiniulize tena."

Nuala hakumuuliza tena. Watoto walipozaliwa na kukua na kuuliza kijana wa kwenye picha ya sebuleni ni nani, waliambiwa ni babu Jer, alikwenda Amerika.

Kama Jer aliwauza wenzake au hakuwauza, hakuna ajuaye. Wengine husema aliwapa askari maziwa pale kisimani. Wengine husema alionekana na saa mpya. Hannah mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitano, na alibaki na jambo moja tu, ambalo alimwambia Nuala peke yake siku moja wakimenya viazi: kwamba Jer alitoka peku. Viatu vyake vilikuwa vinakaushwa karibu na moto, na hawakumpa muda wa kuvivaa. Mtoto Hannah alivishika akawafuata mpaka mlangoni, akarudishwa ndani.

Kila jioni, rozari ikiisha, Hannah aliongeza Salamu Maria za marehemu wa nyumba ile, na mwisho kabisa akasema, "Na moja kwa ajili ya yule aliye nje." Kwenye kaburi la ukoo, jiwe lilikuwa na majina yote, na nafasi moja tupu juu ya mahali palipotengwa kwa jina lake yeye. Alikuwa amewaambia. Hakutaka kulala pale kabla ya Jer. Mwaka ule wa filamu alitimiza tisini, na alikuwa anakula kama ndege, anadonoa na kuacha.

Basi Nuala aliishi karibu miaka thelathini na mlango usiofungwa, naye ni mtu wa hofu kwa asili. Kila aliyetoka nyumbani alimnyunyizia maji ya baraka kutoka kwenye kibakuli cha mlangoni, hata kama anakwenda kununua mkate tu. Binti zake wawili walikuwa mbali, mmoja Boston, mwingine Perth, na aliijua hali ya hewa ya miji ile kuliko ya kwake. Cathal alipochelewa, alisimama dirishani gizani na kuzihesabu taa za magari yanayoshuka mlima. Upepo ulipousukuma mlango wa nyuma, moyo wake ulisukumwa nao.

Jumamosi kabla ya kazi kuanza, Cathal alikaa jikoni na taulo shingoni, mama yake akimnyoa. Hannah alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, amefumba macho.

"Pembeni uishushe sana, mama. Wamesema iwe kama ya zamani. Juu uache."

"Cathal."

"Mm."

"Hiyo nafasi. Kwa nini usiwaombe nyingine? Hata ya kubeba machela."

"Machela? Mama, wale wote kazi yao ni kukimbia na kuanguka. Mimi nina maneno! Sentensi nzima."

"Maneno gani?"

Akakohoa, akakaza uso. "'Mwambieni mama yangu sikusema kitu.'"

Mkasi ukasimama. Nuala aliitazama shingo ya mwanawe, nyeupe pale nywele zilipotoka, na kovu dogo la siku alipoanguka kwenye trekta. Alijisemea, sema sasa. Sema tu, Jer hakwenda Amerika.

"Jer," Hannah akasema kutoka kitini, sauti yake safi kabisa, "ukimaliza kunyolewa uvae viatu."

Cathal akacheka. "Shangazi ameniita nani?"

"Ni usingizi," Nuala alisema. "Tulia, nisije nikakukata sikio."

Baadaye alimfuata Mossie zizini. "Mwambie wewe. Ni damu yenu."

"Yaliyopita si ndwele, Nuala."

"Si ndwele? Nenda jikoni ukamwambie Hannah kwamba si ndwele."

Mossie akaendelea kufagia. "Sikiliza. Tukimwambia, atakataa kuigiza. Akikataa, watu watajua amekataa kwa sababu gani, na yeye atajua kwamba wanajua. Ataishije nao? Tukinyamaza, ni filamu tu. Wiki mbili, wanafungasha vitu vyao, wanaondoka."

Nuala aliyageuza maneno yale kila upande akitafuta mahali pa kuyashika ili ayavunje. Hakupaona. Akarudi ndani akaokota nywele za Cathal sakafuni, akazitia kwenye jiko.

Walipiga picha za mlimani mwezi wa Agosti, kwenye shamba la Batt, mvua na jua vikipokezana. Nuala na wanawake wengine wawili waliwekewa meza ya chai na sandwichi chini ya turubai. Batt alipewa kiti cha kukunjwa karibu kabisa na kamera, na koti la watu wa filamu lililomfika magotini. Asubuhi nzima alirekebisha.

"Kofia haikai hivyo. Hao walikuwa wakulima, si walevi."

"Bunduki ishikwe chini. Unaibeba kama mtoto wa kubatizwa!"

"Mzee, bila wewe ningetengeneza upuuzi mtupu," mwongozaji alisema, na masikio ya Batt yakawa mekundu kwa furaha. Nuala hakumwonea kijicho. Batt alikuwa jirani mwema. Usiku ng'ombe wa Mossie alipokwama akizaa, ni Batt aliyekuja amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Baba yake Mossie alipokufa, Batt alilibeba jeneza mbele, upande wa kulia.

Mchana ikafika zamu ya Cathal. Mwongozaji alitaka apige magoti kando ya ukuta wa mawe, kwa sababu ya mwanga. Eoin akasimama nyuma yake na bastola. Cathal alimkonyeza, Eoin akauma mdomo asicheke.

"Viatu," Batt akasema.

"Viatu vina nini, mzee?"

"Mvueni viatu. Alikuwa peku."

Mwongozaji akapiga makofi. "Peku! Safi sana. Nani angeliwaza hilo?"

Nuala alikuwa anamimina maziwa kwenye kikombe. Yakajaa, yakamwagika mezani, yakamlowesha kiatu, naye anatazama tu. Habari ya viatu ilikuwa ya Hannah. Haikusimuliwa ukumbini, haikuwamo kwenye nyimbo za daraja, hata Mossie hakuijua. Aliyeijua zaidi ya Hannah na Nuala ni yule aliyetembea na Jer kutoka mlango ule mpaka mwisho wa safari, na yeyote aliyesimuliwa na mtu huyo.

Batt mwenyewe hakutambua. Mtu aliyekuwa sahihi tangu asubuhi hawezi kujizuia. Aliinuka, akashuka shamba kwa fimbo yake, akipita nyasi ndefu, moja kwa moja hadi kwenye mti wa miiba.

Mti ule ulisimama peke yake kwenye kona ya shamba inayolitazama ziwa, umepinda kwa upepo. Mti wa miiba ulioota peke yake ni wa Watu Wema, wale viumbe wa chini ya ardhi, na hakuna mwenye akili Glenaleen anayeukata wala kuchimba karibu nao. Akina Curtin hawakuwahi kulima kona ile. Trekta lao liligeukia mbali, na watu waliwasifu kwa kushika mambo ya wazee. Nuala mwenyewe kila alipopita pale alifanya ishara ya msalaba.

"Siyo ukutani," Batt aliita kutoka kule, akipiga fimbo chini. "Hapa! Mgongo kwenye mti, uso ziwani. Yeye mwenyewe aliomba atazame ziwa. Baba akamruhusu, ndipo akam..."

Nuala aliuona uso wake ukibadilika kutoka mbali, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

 Fundi bomba akavua kofia. Halafu mwalimu. Halafu wote, wanaume ishirini wenye nguo za zamani, kofia mikononi, mvua nyembamba ikianza tena.

"Ndiyo!" mwongozaji akasema kwa sauti ya chini, kama mtu kanisani. "Kofia, ndiyo. Kaeni hivyo hivyo, mtu asitikisike. Sogezeni kamera!"

Wakasogeza kamera. Cathal akapiga magoti pale, miguu yake mitupu imegeukia juu nyuma yake, nyayo nyeupe. Nuala alitoka chini ya turubai na sinia mkononi. Alitaka kupiga kelele. Koo lilikuwa tayari, kifua kilikuwa tayari. Msichana mmoja wa filamu, mwenye simu ya upepo kiunoni, akamwekea kidole mdomoni, kwa upole.

"Kimya kidogo, mama. Tunarekodi."

Na Nuala akanyamaza. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alinyamaza kwa sababu aliombwa vizuri.

"Mwambieni mama yangu sikusema kitu," Cathal akasema.

Bastola ikalia, kunguru wakaruka, mwanawe akaanguka kifudifudi kwenye nyasi. Wakarudia. Wakarudia tena, kwa ajili ya mwanga, kwa ajili ya sauti, kwa ajili ya Eoin aliyekuwa anafumba macho. Mwanzoni Cathal aliinuka kila mara akicheka, nyasi zimemshika nywele. Mara ya mwisho hakucheka. Alikaa pale chini akizitazama kofia zile.

Nuala alimkuta Batt garini, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Batt."

"Nuala. Chai yako leo ilikuwa tamu."

"Yuko pale?"

"Nani?"

"Batt, Hannah ana miaka tisini."

"Watu wa filamu wanapenda hadithi yenye chumvi. Nikawatilia kidogo."

"Na viatu? Navyo ni chumvi?"

Batt aliuingiza mguu garini polepole, akausaidia kwa mikono. Aliponena, aliuambia usukani. "Baba aliniambia akiwa anakata roho. Hakuniambia ili niseme. Aliniambia ili nisilime." Akawasha gari. "Kesho nitawaletea viazi. Vipya vimeshatoka."

Jioni Cathal alisimama karibu na sinki, mama yake akiosha vyombo. "Kwa nini walivua kofia? Haikuandikwa popote. Nimesoma karatasi zote."

Nuala akamwambia. Alimwambia akiwa ameipa sinki uso, mikono ndani ya maji, kila kitu, Jer na mlango na viatu. Alipogeuka, Cathal hakuwapo. Alisikia mlango wa banda. Alipotoka kutazama, sepetu haikuwa mahali pake.

Alikimbia na ndara zake za ndani hadi shambani kwa Batt. Kulikuwa bado na mwanga, ila mvua ilikuwa inanyesha kweli sasa. Cathal alikuwa ameshafika kwenye mti, na Eoin alisimama mbele yake, bado amevaa nguo za kapteni.

"Sijui nikuzuie au nikusaidie," Eoin alikuwa anasema. "Niambie. Mimi nitafanya utakavyosema."

"Chukua koleo basi."

Kabla Eoin hajageuka, babu yake alifika. Batt hakugomba. Alipita katikati yao, akaegemeza fimbo yake kwenye mti, akapiga magoti kwa shida, kwanza moja, halafu la pili, kisha akajilaza chini. Mzee wa miaka sabini na sita, chali kwenye nyasi zilizolowa, mikono kifuani.

"Babu, inuka."

"Niko sawa."

"Utakufa na mvua hii!"

"Hapo mtakuwa mmepunguziwa kazi ya kunibeba."

"Mzee Batt, toka hapo!" Cathal alipaza sauti, sepetu juu. "Huyo ni babu yangu! Mnamlalia babu yangu!"

"Najua ni nani, mwanangu," Batt alisema, amefumba macho, maji ya mvua yanamjaa kwenye mashimo ya macho. "Najua kuliko wewe. Na mimi nina baba. Picha yake iko ukutani. Mkimtoa huyu, yule mtamweka wapi?"

Cathal alisimama na sepetu yake. Utamfanya nini mzee aliyelala chini? Nuala alimwona mwanawe akiishusha polepole, na kidevu chake kikaanza kutetemeka kama alipokuwa mdogo. Naye Nuala, mikono yake ikafanya jambo bila kumuuliza. Ilivua koti lake na kumfunika Batt.

"Mama! Unamfunika?"

"Ana mapafu mabaya," Nuala alisema. "Kila mwaka anaumwa mapafu."

Mwishowe vijana wawili walimbeba hadi nyumbani kwake, mmoja mabegani, mmoja miguuni, kama gunia la viazi. Nuala alifuata nyuma na sepetu na fimbo.

Alijaribu kwingine. Mossie alimwuliza atakwenda polisi kusema nini, na dhidi ya nani, marehemu? Na sajini si mkwe wa Batt? Padri alisema ataliombea jambo hilo, na Jumapili akaliombea, kwa jumla, bila majina, pamoja na hali ya hewa ya mavuno. Alipiga simu Dublin. Mwongozaji mwenyewe alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole mara nyingi, akasema, "Mama, unajua hiyo ni filamu nyingine kabisa." Nuala akamshukuru, akakata simu. Hakujua alimshukuru kwa nini.

Septemba Batt alizungusha waya wa umeme kwenye kona ile na kumtia fahali wake ndani, mnyama mweusi mwenye shingo kama pipa, asiyependa watu. Viazi alivileta kama alivyoahidi, akaviacha mlango wa mbele. Koti la Nuala lilikuwa juu ya gunia, limefuliwa na kukunjwa. Wakipishana barabarani aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu, na Nuala, maskini, kidole chake nacho kiliinuka.

Cathal na Eoin hawakuonekana tena pamoja. Cathal aliacha kula mezani. Akaacha kwenda mechi. Siku moja ya Oktoba akasema amezungumza na dada yake wa Boston, kuna kazi ya ujenzi, tiketi ameshakata. Nuala alimnyunyizia maji ya baraka mlangoni mpaka kola ikalowa. "Yatosha, mama," alisema. "Naenda kazini, sizami." Mossie akampeleka uwanja wa ndege. Nuala alisimama dirishani akitazama taa za gari zikishuka mlima, halafu akaendelea kusimama.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Jioni moja walikuwa wawili tu jikoni, Mossie yuko zizini, upepo unaupiga mlango wa nyuma. Rozari ilikwisha. Hannah akapitia majina yake yote, sauti ndogo kama uzi, akafika mwisho.

"Na moja kwa ajili ya yule aliye..."

"Shangazi," Nuala alisema. Hakupanga. "Jer yuko kwa Curtin. Chini ya mti wa miiba."

Hannah alizishika shanga zake, hakuzisogeza.

"Anatazama wapi?"

"Ziwani."

"Peku?"

"Peku."

"Kwa Curtin," Hannah alisema. "Nilipita pale kila siku kwenda shule. Tulikuwa tunakimbia, tukiogopa Watu Wema."  Halafu akainua macho, na yalikuwa na tumaini la mtoto, tumaini ambalo Nuala hakuwahi kuliona katika uso ule. "Mtamleta lini?"

Nuala alitafuta neno lolote la heshima, hakulipata ila lile la kweli. "Kuna fahali pale, Shangazi."

"Fahali wa Batt?"

"Ndiyo."

"Mkali?"

"Mkali sana."

Hannah akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Tumaini likatoka usoni taratibu. Akajifunika shali vizuri.

"Basi fungeni mlango. Baridi inaingia."

Nuala alikwenda mlangoni akashika komeo. Halikusogea. Alilivuta kwa mikono miwili, akaligonga kwa kisigino cha kiatu, kutu ikamwagika sakafuni. Halikuwa limesogezwa tangu kabla yeye hajazaliwa, na halikuwa na nia ya kuanza. Akachukua kiti kimoja cha meza, akakiegemeza chini ya kitasa.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Shangazi."

"Na Cathal? Ameshaingia?"

"Cathal hayupo. Yuko Amerika."

Hannah alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu, kwa huruma kubwa.

"Ndivyo na sisi tulivyokuwa tukisema," alisema.

Upepo ulisukuma, kiti kikakwaruza sakafu kidogo. Nuala alisimama katikati ya jikoni, mikono imemning'inia. Alijua Cathal yuko Boston, alijua hata mtaa, alijua huko leo ni baridi na jua. Alijua. Akaenda mlangoni, akakiondoa kiti, akakirudisha mezani mahali pake.